Jua na Kivuli: Kizimba cha Guruguru

Asubuhi, jua linapokwisha kupanda juu ya mikoma ya Garsen na ardhi ikaanza kupata moto, guruguru hutoa kichwa katika tundu la kichuguu, akatulia kitambo akisikiliza, kisha akajikokota nje na kuzitanua mbavu zake mpaka akawa bapa kama kipande cha gome, apate jua mgongo mzima. Hakai hapo kutwa. Adhuhuri haijaingia amekwisha kuhamia kivulini, na joto likizidi hurejea shimoni ambako udongo una ubaridi. Mwenye kuufahamu mwendo huu ameufahamu msingi wa kizimba chake. Maana mjusi huyu hajaumbiwa joto la ndani kama letu, bali hulichuma juani na kulipunguza kivulini, na uhai wake wote umesimama juu ya hiari ya kwenda na kurudi baina ya viwili hivyo.

Walakini, kabla ya kupigiliwa msumari wa kwanza, iko sheria. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumkamata mnyama wa porini na kumfuga bila ya kibali, na mlango wa kubisha ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Wanaoweka wanyama watambaao kwa utaratibu wapo hapa pwani, mfano shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, lililoanzishwa mwaka 1980. Asiye na kibali na amwache guruguru kichuguuni pake. Aliye nacho na ajue kwamba amepokea amana.

Amana hiyo huharibika upesi ikitiwa katika sanduku la kioo. Kioo kikiwekwa juani hugeuka tanuri, ilhali huizuia ile mionzi ya urujuanimno ambayo mwili wa mjusi huitumia kutengeneza vitamini D, na pasipo vitamini hiyo kalisi haishiki mifupani, hata taya likalegea na miguu ikapinda. Wafugaji wa Ulaya, kwa kuwa baridi imewazunguka, hulazimika kununua taa za joto na taa za mionzi. Sisi wa bonde la Tana tumejaaliwa jua bila ya malipo, na kazi yetu kubwa ni kukitafuta kivuli.

Basi chagua pahala palipoinuka, kwani Mto Tana, ambao mafuriko yake ya mwaka 1997 na ya mwisho wa mwaka 2023 hayajasahauliwa, haubagui nyumba ya mtu na ya mnyama. Kwa guruguru mmoja, ambaye hufikia urefu wa nusu mita, jenga kizimba cha mita 2 kwa mita 1, urefu wake ukielekea mashariki na magharibi. Upande wa mashariki uachwe wazi chini ya wavu, upokee jua la asubuhi. Uweke hapo jiwe pana la kuotea jua, ambalo uso wake ufikie nyuzi 40 hivi. Upande wa magharibi uezekwe makuti, na ukuta wake uwe wa mbao mpaka juu, kwa sababu jua la alasiri huinama likapenya chini ya paa.

Sakafuni tandika wavu wa chuma kwanza, kwani huyu ni mchimbaji hodari, kisha jaza udongo uliochanganywa na mchanga, kina chake sentimita 30, na tabaka la chini ulinyunyizie maji kidogo ili shimo lisiporomoke. Kuzunguka kizimba chote, ubao wa kimo cha sentimita 30 utangulie wavu. Maana mjusi akiona nje hudhani njia ipo, akasugua pua yake katika waya mpaka itoke damu. Mwekee bakuli la maji lisilo na kina kirefu, gogo lenye uvungu la kujisitiri, na chakula cha panzi, mende, konokono na vipande vya matunda, ukinyunyizia unga wa maganda ya mayai kwa ajili ya mifupa. Wala usimtie mwenziwe ndani, kwani madume wawili hawaishi bila ya vita.

Kizimba kikisha, usikipime kwa ustadi wa seremala. Kaa mbali asubuhi moja, utulie, utazame. Akiwa anakimbiakimbia kando ya wavu bila ya kituo, kuna jambo umemnyima, nawe huna budi kulitafuta. Lakini akitoka, akatanda juu ya jiwe, na kabla ya adhuhuri akaondoka polepole, pasipo kufukuzwa na mtu, akaingia chini ya makuti kama alivyozoea kuingia kichuguuni, hapo umemrudishia hiari yake, nayo ndiyo ya kwanza kupotea siku mnyama alipotiwa mkononi mwa binadamu.