Zabibu iliyopigwa marufuku ilivyopata makao Beaujolais

MNAMO 1395, Mtawala wa Burgundy nchini Ufaransa, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika himaya yake akidai haifai. Ilizaa kwa wingi, lakini yeye alienzi divai ya Pinot Noir. Hata hivyo, Gamay ilipata makao kusini zaidi, katika vilima vya Beaujolais, kaskazini mwa jiji la Lyon, ambako udongo wa mawe ya graniti huifaa.

Wepesi wa divai hii nyekundu hutokana na jinsi inavyotengenezwa. Vichala huchumwa kwa mkono na kutiwa matangini vikiwa vizima. Zabibu za chini hupasuka kwa uzito wa zilizo juu, nayo maji yake huanza kuchachuka na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo huondoa oksijeni, na zabibu ambazo hazijapasuka huchachuka kwa ndani. Kwa kuwa maganda hayalowekwi kwa muda mrefu, divai huwa na ukakasi mdogo na harufu tele ya matunda.

Divai changa, Beaujolais Nouveau, huuzwa kuanzia Alhamisi ya tatu ya Novemba, majuma machache tu baada ya mavuno. Umaarufu wake huwaletea wakulima fedha za haraka, lakini pia umewafanya wanywaji wengi kudhani Gamay haina uwezo zaidi ya huo. Mzigo wa kukanusha dhana hiyo umewaangukia wakulima wa sehemu kama Morgon na Moulin-à-Vent, ambao divai yao huweza kuhifadhiwa kwa miaka mingi.