Kicheko na Shaka: Neno Moja la Kijapani, Mawili ya Kichina (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulitazama neno la Kifaransa drôle, ambalo mwanafunzi wa mji wa Baraka, katika eneo la Fizi nchini Kongo, hukutana nalo mapema darasani: un homme drôle ni mtu wa kuchekesha, bali un drôle d'homme ni mtu asiyeeleweka, wa kuangaliwa kwa makini. Wapo wanaodai kwamba mchanganyiko huo ni ulegevu wa lugha za Ulaya, na kwamba lugha iliyojipanga vizuri hutenga kicheko na mshangao. Wanatoa mfano wa Kiswahili cha huku Fizi: ya kuchekesha upande mmoja, ya ajabu upande mwingine, na hakuna anayepotea njia. Sikubaliani nao. Ushahidi ulio bora unatoka mbali, Japani na China, kwa kuwa nchi hizo zimeshirikiana alama za maandishi kwa zaidi ya miaka 1,000, na bado zimeachana katika jambo hili.

Mjapani ana neno okashii. Hulisema akisikia utani uliomvunja mbavu. Hulisema pia mashine inapotoa mlio usio wake, chakula kinapokuwa na harufu ya kutiliwa mashaka, au hoja ya mwenzake inapokwenda kombo. Ukisema kichwa cha mtu ni okashii hujamsifu kwa ucheshi. Umemtukana kwamba akili hazimtoshi. Na wala si mtindo wa juzi. Mnamo mwaka 1000 Sei Shōnagon, mwanamke aliyemhudumia malkia Teishi, aliandika Makura no Sōshi, na humo okashi, umbo la kale la neno hili, linarudi tena na tena kwa maana ya kitu kinachopendeza na kuiteka akili. Baadhi ya wanaisimu hulihusisha na oko, yaani upumbavu, wengine hawakubali. Mzizi uwe huo au mwingine, neno lililotaja kinachoiteka akili lilikuja kuzaa matawi mawili, moja la kicheko na moja la shaka. Naona kuna mantiki hapo. Kinachochekesha na kinachotia shaka huanzia mahali pamoja: jambo limekwenda kinyume cha tulivyotazamia. Tusipoona hatari ndani yake tunacheka. Tukiiona, tunakunja uso. Okashii hulitaja lile chimbuko, kisha sauti ya msemaji na mazingira humwonyesha msikilizaji ni tawi lipi.

Mpinzani atauliza: Wachina je? Ni kweli, Kichina hutenga. Qíguài ni kitu cha ajabu, hǎoxiào ni kitu cha kuchekesha. Tena alama mbili ambazo Wajapani huandikia okashii, Wachina huzisoma kěxiào, na kwao maana yake ni kinachostahili kuchekwa, mara nyingi kwa dharau. Maandishi ni yaleyale, ila kwa Wachina hayabebi shaka ile ya Wajapani. Kwa maoni yangu sababu imo katika uzito wa guài, silabi ya pili ya qíguài. Ndiyo inayounda yāoguài, yaani zimwi, na mafunzo ya Confucius yanaeleza kwamba mwalimu huyo hakuzungumzia mambo ya guài. Neno lililobeba mazimwi halichekewi kwa wepesi. Hata hivyo wasemaji wa leo wana gǎoguài, kujifanya wa ajabu ili watu wacheke, na limeundwa kwa guài hiyohiyo. Kwa hiyo ukuta upo, lakini una mlango. (Asije mtu akadhani Wachina walijifunza kucheka mwaka 1924, Lin Yutang alipoanza kutumia yōumò, neno alilolitohoa kutoka Kiingereza kwa maana ya ucheshi. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mwanahistoria Sima Qian aliwatengea sura nzima watu wa maneno ya mzaha waliowaonya wafalme kwa kuwachekesha.)

Turudi sasa kwenye Kiswahili, maana hapo ndipo dai la wenzetu linapovunjika kabisa. Tuna kituko. Watu wa Fizi walioishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tangu vita vya 1996, na vijana wanaotazama filamu za Tanzania, wanalijua vizuri. Mtu wa vituko anachekesha. Kituko kilichotokea usiku kinaweza kuwa cha kuogofya. Neno hili lina udugu na kushtuka, ambalo baadhi ya wasemaji hulitamka kutuka, na udugu huo unatupa hatua zote: kwanza kushtuka, kisha kucheka au kuogopa. Kioja nacho ni jambo la kustaajabisha, lakini Wakenya waliita kipindi cha vichekesho Vioja Mahakamani bila mtazamaji kutatizika. Wala haitoshi kusema tumeiga Wazungu. Kushtuka hatukukutoa kwao, na Mjapani wa mwaka 1000 hakuwa amekutana nao.

Kuna pingamizi lenye nguvu zaidi: neno la maana mbili huleta ugomvi. Hilo nalikubali kwa sehemu, ila hatari kubwa haimo ndani ya lugha moja, ambamo wasemaji wanajuana. Imo kwa mkalimani. Katika Kivu Kusini, Fizi ikiwemo, kampuni za Wachina zimechimba dhahabu, na penye madai ya mashamba na maji kuna watu wawili wanaosubiri mtu wa tatu awatafsirie. Mchina akisema madai fulani ni kěxiào, na mkalimani akatamka "ni ya kuchekesha", wenye shamba watadhani mambo yamelegea, kumbe wamedharauliwa. Akisema "ni ya ajabu", watadhani wameombwa wafafanue. Afadhali aseme wazi kwamba mwenzao anayaona madai hayo kuwa upuuzi, ili wajue wanajibu nini.