Nyuki Wakikufuata

Wahenga walituambia tufuate nyuki tule asali. Siku ya harusi ya binamu yangu, nje kidogo ya Morogoro, nyuki ndio waliotufuata sisi. Mpishi alikuwa ameinjika masufuria ya pilau chini ya mwembe bila kutazama juu. Moshi ulipopenya kwenye tundu la shina, wenye nyumba wakatoka wote. Viti chini, kanga vichwani, mwenye gari kajifungia garini.

Sebuleni kila mtu aligeuka daktari. Shangazi alikuja na kitunguu kilichokatwa. Jirani akataka mafuta ya taa. Msomi wetu mmoja akakataza watu kung'oa miiba kwa vidole, eti watakamua sumu iingie yote; lazima iparuzwe kwa kadi. Akaanza kupekua mifuko akitafuta kitambulisho cha NIDA.

Hakubuni, maana ushauri huo umerudiwa miaka mingi. Lakini mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliochomwa kwa hiari yao walieleza katika jarida la The Lancet kwamba kuubana mwiba au kuuparuza ni mamoja. Kilichozidisha uvimbe ni kuchelewa, hata kwa sekunde chache. Mwiba wa nyuki una vijino kama vya chusa, kwa hiyo akiruka unabaki ngozini pamoja na kifuko cha sumu, na misuli ya kifuko inaendelea kusukuma ilhali mwenyewe ameshakwenda kufa. Karibu sumu yote huingia ndani ya sekunde 20. Tumia kucha, tumia ncha ya kanga. Nyigu ni habari nyingine: kwa kawaida mwiba anaondoka nao, na anaweza kurudia kuuma, basi usihangaike kuutafuta.

Halafu kuna harufu. Mwiba uliobaki hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, nayo ni mwito kwa wenzake. Ukimponda nyuki shingoni umewapigia mbiu. Funika uso, kimbilia ndani ya nyumba au gari, wala usijitose mtoni. Wanaweza kukungoja hapo juu mpaka uibuke.

Kisha sabuni na maji, barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 10 hivi, na pete ivuliwe kabla kidole hakijavimba. Dawa ya aleji hupunguza muwasho. Kitunguu cha shangazi sikukikataa, heshima ni kitu cha bure, ila mafuta ya taa yabaki jikoni, yanaunguza ngozi. Mkono ukizidi kuvimba na kuwasha siku ya pili, mara nyingi ni mwendo wake wa kawaida.

Tulikuwa tumemzunguka mzee aliyeumwa mara nne usoni, macho yamefumba kabisa, kila mtu akimpa pole. Aliyemwona binti wa pembeni ni mgeni mmoja muuguzi. Binti alikuwa ameumwa mara moja tu, mguuni. Vipele vilikuwa vimemtoka tumboni na mikononi, sauti imekauka, anasema koo linambana. Muuguzi alituacha na mzee wetu, akamlaza binti chini, akamwinulia miguu, akaita gari. Hakuruhusu atembee hata hatua tatu kulifuata. Angekuwa anahema kwa shida, alisema, angemkalisha. Vipele mbali na palipoumwa, midomo au ulimi kuvimba, kizunguzungu, kutapika, pumzi kukata: huo ni mzio, mwili mzima kugombana na sumu, na dawa yake ni sindano ya adrenalini ya paja, mapema. Aliyeumwa na kundi naye apelekwe hospitali, hata kama hana mzio, maana sumu nyingi huweza kuharibu figo.

Binti alirudi kesho yake mchana, amechoka lakini anacheka. Pilau tulikuwa tumeila saa mbili usiku, ndani, milango imefungwa, na mzee akilishwa kwa kijiko kwa kuwa hakuiona sahani.