Rodamini, Waridi na Bendera ya Msafara

Mtu atakaye kufasiri habari za maabara kwa Kiswahili hukutana upesi na neno rodamini, na mara nyingi hushawishika kuandika «rangi» basi, akapita. Fasiri hiyo yampoteza msomaji.

Rodamini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1887, kwanza kwa ajili ya nguo. Nduguye, fluoresini, ilitengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871, mwaka ule ule Stanley alipokaa Kwihara, karibu na Tabora. Jina lenyewe latokana na neno la Kiyunani rhodon, yaani waridi. Na hili, pamoja na ward la Kiarabu lililotupa waridi letu, asili yake ni moja katika lugha za kale za Uajemi. Sehemu ya pili ya jina haihusiani na kuamini, bali na amonia.

Kaniki iliyopelekwa Unyamwezi ilichovywa katika rangi hata ikaenea nguo nzima. Mtafiti hafanyi hivyo. Huichukua molekuli ya rodamini yenye kishikizo cha kikemia, akaifunga juu ya protini moja aitakayo. Kisha huimulika kwa nuru ya kijani, ya nanomita 550 hivi. Rodamini huimeza nuru hiyo na kutoa nyingine, nyekundu ya kichungwa, ya nanomita 580 hivi. Chujio huizuia ile ya kijani, na gizani hubaki nukta ziwakazo tu.

Katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kirangozi alitangulia na bendera nyekundu. Aliyetazama kutoka mbali pengine hakuwaona wapagazi wala mitumba majanini. Aliiona bendera, akajua msafara ulipo. Mtafiti naye haioni protini, huona bendera yake. Tena bendera huanguka: ikimulikwa mno, rodamini huchujuka, na protini ingalipo ingawa haionekani. Na bendera ikimlemea mchukuzi, mwendo wake hubadilika. Ndivyo alama iwezavyo kuibadili tabia ya protini.

Kwa hiyo naona yafaa «kuchovya» tuliachie rangi ienezwayo juu ya kitu kizima, na kwa hii tuseme «kupachika alama». Nuru yenyewe naiita «mwako», ingawa hauna moto. Mswahili husema taa yawaka, wala haulizi moto u wapi.