Kompyuta Yako Sio Nzito, Faili Lako Ndilo Limejaa

Leo sina tangazo la mzigo. Nataka niwasimulie kilichonikuta Desemba 2023 hapa Singida, maana kila nikipita kwenye huu ukurasa nakuta mtu anauliza "kompyuta yangu imekuwa nzito, ninunue ipi?" halafu majibu yote ni kumtajia bei za laptopu. Na mimi nilijibiwa hivyo hivyo. Nikatoa hela, tatizo likabaki palepale.

Nauza mafuta ya alizeti na asali. Duka lipo upande wa Misuna, ila wateja wengi sijawahi kuwaona sura. Wako Dar, Arusha, Mwanza. Wananipata mtandaoni, wanalipa kwa simu, mimi napakia dumu kwenye basi. Shule niliishia kidato cha nne, mambo ya kompyuta nimejifunza YouTube usiku bando likiwa rahisi. Mwaka 2020 nilikuwa naandika kwenye kaunta buku. 2021 nikanunua laptopu iliyotumika, nikaikuta ina Microsoft Access ndani, basi nikaanza kuhamishia oda humo.

Kwa asiyeijua, Access ni programu ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali yanayoshikana: la wateja, la oda, la malipo. Unaiuliza "nani anadaiwa zaidi ya wiki mbili?" inakuletea orodha. Kwa mtu anayekopesha mafuta kama mimi, hilo swali ndilo biashara yenyewe. Nina kina mama na kina dada wanaochukua madumu kwangu, wanauza rejareja mitaani kwao, wananilipa mzigo ukiisha. Mimi nami nakopa kwa mwenye mashine ya kukamua. Kumbukumbu ikipotea katikati, anayeumia ni mimi.

Mwaka wa kwanza ilikuwa inakimbia. Mwaka wa pili ikaanza kufikiria. Kufika Novemba 2023, nikitafuta mteja mmoja naweza kwenda kuhudumia mtu dukani, nikarudi, kiduara bado kinazunguka. Siku moja mama mmoja wa Kimara akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, dumu langu umelipakia basi gani? Niko stendi hapa tangu saa kumi."

Nikamwambia subiri kidogo mama, nafungua. Nikasubiri, naye akasubiri, mpaka simu ikakatika. Nilipopata jina la basi, yeye alishaondoka stendi na dumu likalala kwa wakala. Hajaagiza tena kwangu mpaka leo.

Nikampelekea fundi. Akasema ramu ndogo. Nikaongeza, ikafika giga 8. Windows ikawaka haraka, muziki ukapiga bila kukwama, lakini kutafuta mteja ni vilevile. Leo ndiyo naelewa kwa nini. Ni kama una kijana wa ghalani anayetafuta dumu moja kwa kufungua kila dumu na kunusa, halafu wewe unamnunulia raba mpya. Atatembea haraka, sawa, lakini bado atanusa madumu yote. (Sisemi vifaa havisaidii. Ukitoka kwenye hadidiski ya zamani ukaweka SSD utaona tofauti kubwa. Ila hiyo ni raba nzuri zaidi tu.)

Halafu ikaja siku tatu kabla ya Krismasi. Saa mbili usiku, naingiza malipo ya siku nzima, kiduara kinazunguka, umeme ukakatika. Betri ya ile laptopu ilishakufa zamani, natumia waya tu. Ikazima palepale katikati ya kuandika.

Asubuhi nafungua, programu inaniambia faili lina hitilafu, nilitengeneze? Nikakubali haraka haraka bila hata kulinakili kwanza, kosa kubwa. Likafunguka. Jedwali la wateja liko. La oda liko. La malipo, mistari ya mwisho imeandikwa #Deleted, mingine ina herufi kama za Kichina. Nikaangalia fleshi yangu, nakala ya mwisho ilikuwa ya tarehe 30 Novemba. Wiki tatu nzima, tena wiki za msimu, hazipo.

Madeni ya nje kwa hesabu ya kichwa yalikuwa kama 1,840,000. Mwenye mashine anataka 1,200,000 zake kabla ya sikukuu. Nilikaa nyuma ya kaunta nikahisi tumbo linakata.

Kilichoniokoa ni WhatsApp. Siku mbili nilipitia meseji moja moja, skrinshoti ya muamala mmoja mmoja, naandika kwenye daftari. Na hapo ndipo akili ikaanza kufunguka, maana niliandika "Kimara" kwenye kutafuta ikaniletea meseji za miaka mitatu nyuma kwa kupepesa macho. Kwenye simu ya bei rahisi! Nikasema, kumbe siyo wingi wa vitu. Baadaye nikajifunza kuwa WhatsApp nayo inatunza meseji ndani ya database, inaitwa SQLite, ipo kwenye kila simu ya Android. Tofauti ni kwamba yao ilipangwa na mtu anayejua. Yangu niliipanga mimi.

Baada ya sikukuu nikakaa nayo. Kitu cha kwanza nilichoangalia, ambacho nakuomba hata wewe ukiangalie leo, ni ukubwa wa faili. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya faili, chagua Properties. Langu lilikuwa giga 1.93. Nikasoma kwamba faili moja la Access mwisho wake ni giga 2. Yaani nilibakiza nafasi ya oda kama mia nne hivi, halafu lingegoma. Tena likigoma halikwambii "nimejaa", linaleta ujumbe wa ajabu ajabu tu ambao hauelewi.

Na usidhani ni ujinga wa sisi wa vichochoroni. Oktoba 2020 huko Uingereza, taasisi ya afya ya umma, Public Health England, ilikuta majibu 15,841 ya wagonjwa wa korona ya kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hayakuingia kwenye hesabu za kila siku. Walikuwa wanayapitisha kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ule wa .xls, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje kimya kimya. Muundo mpya unafika mistari 1,048,576. Nao una mwisho vilevile.

Sasa giga 1.93 zilitoka wapi? Nilikuwa na oda 11,000 hivi. Maandishi ya oda 11,000 ni kidogo sana, hayafiki popote. Ni picha. Kila oda nilikuwa nabandika skrinshoti ya malipo ndani ya faili lenyewe, najiona mjanja kweli. Nikazitoa zote, nikaziweka kwenye folda pembeni, kila moja nimeipa jina la namba ya oda, ndani ya Access nikaacha maandishi tu ya kuonyesha picha ipo folda gani. Ilinichukua jioni tano. Nikaangalia ukubwa tena: giga 1.93.

Nilitaka kulia. Kumbe Access ukifuta kitu, nafasi yake hairudi. Inabaki tundu tupu ndani ya faili mpaka uiambie ijikaze. Kuna kitufe kwenye Database Tools kimeandikwa Compact and Repair Database. Funga kila kitu, nakili faili pembeni kwanza (safari hii nilinakili mara mbili), kisha bonyeza. Nikabonyeza, nikasubiri kama dakika sita. Likashuka mpaka mega 41. Nililitazama nikacheka peke yangu.

Ufunguaji ukawa mwepesi. Kutafuta mteja bado kulikuwa kunasuasua, na hapa kuna jambo ambalo wengi tunalo bila kujua.

Namba za simu. Mteja mmoja kwangu alikuwa na namba inayoanza na 0, siku nyingine nimeandika +255, siku nyingine 255 na nafasi katikati. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kwa tarakimu nne za mwisho, naweka nyota mbele. Ukiweka nyota mbele, programu haijui pa kuanzia, inabidi isome mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Fikiria mtu anakwambia tafuta kwenye kamusi maneno yote yanayoishia na "-ka". Si utafungua kila ukurasa?

Nikazisawazisha zote zianze na 255 bila nafasi. Safu ya namba iwe ya maandishi, usiiweke ya tarakimu, la sivyo zile za kuanza na 0 zitaliwa sifuri. Kisha nikafungua muundo wa jedwali, nikabonyeza safu ya namba, chini nikaona mstari wa Indexed, pembeni yake No. Nikaibadilisha kuwa Yes. Hapo umeitengenezea programu faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: inaangalia faharasa, inaruka moja kwa moja hadi kwa mteja. Nikafanya hivyo kwa safu tatu tu ninazotafutia: namba ya simu, tarehe ya oda, na namba ya mteja kwenye jedwali la malipo. Usiweke kila safu, maana kila ukiingiza oda mpya faharasa zote lazima zisasishwe, na utaanza kulalamika uzito wa aina nyingine.

La mwisho lilikuwa fomu yangu ya kuanzia. Ilikuwa inafungua oda zote tangu 2021 ili mimi nione za leo. Sasa inaleta za leo, nikitaka za zamani naziita.

Leo naandika namba, kabla sijatoa kidole jina limeshakuja. Laptopu ni ileile.

Kama mnatumia watu wawili faili moja, gaweni mara mbili: majedwali yakae kompyuta moja, fomu zikae kila mtu na zake. Na muunganishe kwa waya. Wi-Fi ikikatika katikati ya kuandika inafanya kilekile umeme ulichonifanyia. Wenye wauzaji kwenye miji mitatu, hii programu haiwafai, tafuteni mfumo wa seva. Na kama unauza oda kumi kwa wiki na hukopeshi mtu, kaunta buku linakutosha kabisa, usijitese.

Mimi sasa nanunua betri kabla ya ramu. Kila jioni nikifunga duka nanakili faili kwenye fleshi na kwenye barua pepe yangu, likiwa limefungwa. Jumamosi nalikaza.

Yale madeni, nilipata karibu yote. Wengi walinitumia wenyewe skrinshoti zao, Mungu awabariki. Dada mmoja wa Mbagala akaniambia 96,000 yake alilipa taslimu kwa kijana aliyekuja Dar na mzigo. Kijana anasema hakumbuki. Kwenye jedwali la malipo, mstari wa siku hiyo ni #Deleted. Nimemwandikia kuwa amelipa, na bado nampakia mzigo.