Fulu Anatunzwa Ulaya, Bondo Anakaangwa

Katika miji ya Ulaya na Marekani, ambako theluji hufunika madirisha miezi mingi ya mwaka, wapo watu ambao hurejea nyumbani jioni, wakavua makoti yao mazito na kuketi mbele ya tangi la kioo kuwatazama samaki wenye asili ya Siaya. Sisemi kwa mafumbo. Wafugaji wa samaki wa mapambo humwita mmoja wao "fulu wa Krismasi", kwa sababu dume lake hung'aa wekundu na ukijani mfano wa mapambo ya sikukuu hiyo. Neno fulu ni la Kijaluo. Limevuka bahari pamoja na samaki mwenyewe, na leo hutamkwa na watu ambao hawajapata kuliona Ziwa Viktoria hata kwenye picha ya kalenda.

Anayemtafuta samaki huyu haingii tu dukani akatoka naye. Huwauliza wafugaji wenzake, huandikiana nao, hungoja miezi kadhaa, kisha husafiri masafa marefu ili akabidhiwe vifaranga sita ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni. Na mfugaji makini haanzi na bei. Huuliza kwanza: wazazi wao walivuliwa wapi? Asipojibiwa, huenda akarudi mikono mitupu, kwani kwa samaki hawa jina la mahali ndilo nasaba.

Jina la mahali pa fulu wa Krismasi ni Kanyaboli, ziwa dogo la kilomita za mraba kumi hivi lililojificha nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Bondo.

Ili tuelewe kwa nini ziwa dogo limepata sifa kubwa, yatupasa kukumbuka yaliyolipata ziwa kubwa. Viktoria lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena, na tangu hapo fulu wakachipuka humo aina zaidi ya 500: wala konokono, wala mimea, wala mayai ya wenzao, kila mmoja na umbo la taya lake. Wanasayansi hawajui mahali pengine pengi ambapo viumbe wenye uti wa mgongo wamegawanyika kwa kasi hiyo. Kisha katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 akapandikizwa mbuta, yule ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafagia fulu, na wataalamu wakakadiria kwamba aina zipatazo 200 zimetoweka au zinakaribia kutoweka. Mbuta alileta viwanda na fedha za kigeni, hilo silikani. Lakini alikula maktaba nzima kabla hatujaisoma.

Kanyaboli lilinusurika kwa jambo ambalo mwalimu wa bayolojia angelifurahia. Mbuta huhitaji maji yenye oksijeni nyingi, na maji yaliyo chini ya mafunjo yana oksijeni haba. Kinamasi ambacho wengi wetu tulikiona kuwa ni makao ya mbu tu kikawa lango lililofungwa. Ndani yake alibaki fulu mla mimea, ambaye mtaalamu Mwingereza Greenwood alimpa jina la kisayansi mwaka wa 1966, na akabaki ngege wa asili, samaki aliyekuwa fahari ya meza za Wajaluo kabla ya nyavu za kigeni zilizoingia Ghuba ya Winam mwaka wa 1905 kuanza kumpunguza. Hata hivyo lango hilo nalo limeguswa: kati ya 1965 na 1970 sehemu ya kinamasi, yapata hekta 2,300, ilikaushwa kwa ajili ya kilimo, na Mto Yala ukaelekezwa kwingine.

Nilipomsimulia mvuvi mmoja wa Usenge kwamba kuna watu wanaomfuga fulu sebuleni, alicheka hadi akaweka kasia chini.

"Mwalimu, ninyi watu wa vitabu mna mambo! Samaki wa kukaanga mnamwashia taa?"

Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe, mzee wangu, ameshuhudia mengi zaidi ya hao wenye taa. Ndiye aliyewahi kumkamata jike la fulu, akamtazama likitema vifaranga hai kutoka kinywani. Jike hulea mayai mdomoni kwa majuma mawili au matatu bila kula kitu. Dume nalo lina madoa ya manjano kwenye pezi la nyuma yanayofanana na mayai. Jike huyafuata likidhani limesahau yake, na hapo ndipo mayai yaliyomo kinywani hurutubishwa. Mambo haya wavuvi waliyajua sehemu. Mengine yalionekana vizuri kupitia kioo.

Kioo kimetufunza jambo jingine. Mwaka wa 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Science. Walichunguza aina mbili zinazoshabihiana, moja ya buluu na nyingine nyekundu. Hiyo nyekundu, kwa taarifa ya wanafunzi, ilipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka wa 1985. Katika mwanga wa kawaida kila jike lilichagua dume la aina yake. Taa ilipogeuzwa rangi ya machungwa, buluu na nyekundu zikawa hazitofautiki, na majike yakachanganyikiwa. Ndivyo inavyokuwa ziwani udongo wa mashamba na uchafu wa miji unapotibua maji: aina mbili huoana zikawa moja, bila mbuta kumng'ata yeyote.

Wala wafugaji wa ughaibuni nisiwasifu kupita kiasi. Hatari hiyo hiyo imo majumbani mwao. Wakiweka aina mbili pamoja kwa uzembe, hupata machotara wasio na kwao. Vizazi vikipita tangini, damu huwa ile ile na samaki hulegea. Hifadhi za samaki za Marekani zilianzisha mpango wa kuwazalisha fulu wa Viktoria mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wafugaji wengi wa nyumbani wamejitolea vivyo hivyo. Lakini tangi la lita mia mbili haliwezi kuwa ziwa.

Linalonikera ni kwamba sisi tusiohitaji kusafiri usiku kucha ndio tusio na kitu. Makavazi ya Kisumu yana matangi ya samaki wa ziwa letu, na wanafunzi hupelekwa huko mara moja, wakanunua soda, wakarudi. Je, shule ngapi za Bondo zina tangi? Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko pale pale mjini, maofisa wa uvuvi wako pale pale, na kibali cha kuchukua samaki wachache kwa ajili ya masomo ni jambo la kuombwa kwa barua. Fundi wa madirisha ataunganisha vioo. Dume moja na majike matano yanatosha, na kibandiko kinachotaja mahali walikovuliwa. Kipande cha plastiki ya rangi ya machungwa juu ya taa kitawatosha wanafunzi kuanza kujionea yale ya 1997.

Yule mzee wa Usenge ameniahidi kuja kuitazama taa hiyo siku itakapowashwa, mradi asidaiwe kiingilio.