Kinachobaki Baada ya Kambi

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyambizi za Ujerumani zilipokuwa zikizamisha meli za Uingereza katika Bahari ya Atlantiki, Lawrence Holt alikuwa mmoja wa wenye kampuni ya meli ya Blue Funnel. Jambo moja lilimkosesha raha. Aliamini kwamba meli ikizama, mabaharia vijana, wenye nguvu zao kamili, walikata tamaa na kufa mapema ndani ya mashua za kujiokolea, huku wazee waliokulia kwenye vyombo vya tanga wakivumilia baridi na kiu hadi msaada ulipowafikia. Kwa maoni yake, vijana hao walikuwa na afya nzuri ila hawakuwahi kupambana na jambo gumu.

Holt akashirikiana na Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa amekimbilia Uingereza. Mwaka 1941 wakafungua shule ya kambi huko Aberdovey, pwani ya Wales, wakaiita Outward Bound. Vijana walikaa karibu mwezi mzima wakiendesha mashua, wakipanda milima na kujifunza kuokoa watu. Katika miaka ya 1950 mpango huo ukafika Afrika Mashariki, katika mji wa Loitokitok upande wa Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro. Vijana waliopita hapo walifanya mazoezi wakiutazama mlima kila asubuhi, kisha wakaupanda.

Je, mwezi mmoja wa namna hiyo humwachia kijana kitu chochote akisharudi nyumbani? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1997, pale mtafiti John Hattie na wenzake walipochapisha uchambuzi wa tafiti 96 kuhusu Outward Bound na programu nyingine za aina yake, zilizohusisha washiriki zaidi ya 12,000. Walikuta kwamba vijana walirudi wakiwa wanajiamini zaidi, wanajitawala vizuri zaidi na wana uwezo zaidi wa kuongoza na kuamua mambo. Kilichowashangaza wengi ni yaliyofuata. Faida za programu nyingi za elimu hupungua mafunzo yakimalizika, lakini hapa ziliendelea kuongezeka baada ya kambi kufungwa. Programu zilizozidi siku 20 zilifanya vizuri kuliko zile fupi.

Ili kuelewa sababu, ni vizuri kuangalia kambi hufanya nini hasa. Kambi za likizo za Marekani, ambako shule hufungwa karibu miezi mitatu wakati wa kiangazi, zilianza mwaka 1861, pale mwalimu Frederick William Gunn wa Connecticut alipowaongoza wanafunzi wake kwa miguu zaidi ya kilomita 60 hadi ufukweni. Huko walikaa kama wiki mbili wakivua samaki, wakiogelea na kulala kwenye mahema. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza mwaka huohuo, na wavulana hao walikuwa na hamu ya kuishi kama askari.

Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, jenerali wa jeshi la Uingereza, aliongeza jambo jingine. Aliwapeleka wavulana kama ishirini kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walitoka shule za matajiri kama Eton na Harrow, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya jirani. Wenye uwezo walilipa pauni moja, wasio nacho shilingi tatu na nusu. Kila asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala iliyotoka kusini mwa Afrika. Waligawanywa katika vikosi vinne, Mbwa Mwitu, Mafahali, Sululu na Kunguru, na kila kikosi kikawa na kiongozi mvulana mwenzao. Huyo ndiye aliyehakikisha moto umewashwa, chakula kimeiva na hema limesimama. Watu wazima walifundisha na kusimamia, lakini kazi ilikuwa ya watoto. Uskauti ulizaliwa hapo. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Nyeri, Kenya, alikofariki na kuzikwa Januari 1941.

Kiini cha faida ya kambi ni hicho: kijana hupewa kazi ya kweli, yenye matokeo ya kweli, mbele ya wenzake, na mzazi hayupo wa kumfanyia. Zamu yake ya kuchota maji akiipuuza, kikosi kizima hakipiki. Hema asipolikaza vizuri, usiku mvua itampata yeye na wenzake. Hapo hakuna alama wala cheti, kuna ugali uliochelewa na wenzake wenye njaa.

Kuwakusanya vijana mahali pamoja, peke yake, hakutoshi. Hilo lilionekana wazi mwaka 1954 katika kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, aliwaleta wavulana 22 wa miaka kama 11 katika makundi mawili yasiyojuana, Rattlers na Eagles, kisha akayashindanisha katika besiboli na kuvuta kamba. Haikuchukua muda, Eagles wakaichoma bendera ya Rattlers, mabweni yakavamiwa na matusi yakatawala. Wasimamizi walijaribu kuwapatanisha kwa kuwalisha pamoja na kuwaonyesha filamu. Watoto wakarushiana chakula.

Ndipo Sherif akapanga matatizo ambayo kundi moja lisingeyaweza. Maji ya kambi yakakatika, wote ikabidi wafuate bomba hadi kwenye tangi kutafuta palipoziba. Lori la chakula likagoma kuwaka, na wavulana wakalivuta kwa kamba ileile waliyokuwa wakishindana nayo. Kidogokidogo matusi yakaisha. Siku ya kuondoka waliomba wasafiri katika basi moja, na walipopumzika njiani Rattlers walitoa dola tano walizokuwa wameshinda, wakanunua vinywaji vya maziwa kwa wavulana wote. Leo jaribio hilo linalaumiwa, na kwa haki, kwa sababu watoto hawakujua kwamba wanachunguzwa na walichochewa makusudi wachukiane. Hata hivyo funzo lake linawafaa wote wanaoendesha kambi: vijana wa makabila, dini au hali tofauti hupatana wanapofanya pamoja kazi ambayo kila upande unaihitaji.

Faida nyingine inahusu simu. Mwaka 2014 Yalda Uhls na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 51 wa darasa la sita waliokaa kambini siku tano bila simu, televisheni wala kompyuta. Kabla na baada ya kambi walionyeshwa picha za nyuso na kuulizwa kila mtu anahisi nini. Mwanzoni walikosea kwa wastani mara 14 hivi. Siku ya mwisho makosa yalishuka hadi 9 na kidogo. Wenzao 54 waliobaki kwenye maisha yao ya kawaida hawakupiga hatua kama hiyo. Kwa siku tano watoto hao walikuwa wametazamana, wakabishana na kusuluhishana ana kwa ana.

Kwa watoto wagonjwa, kambi inaweza kubadili maisha. Mwaka 1932, miaka kama kumi baada ya insulini kuanza kutumika, kambi ya wasichana wenye kisukari ilifunguliwa North Oxford, Massachusetts. Katika kambi za aina hiyo, msichana anayejificha shuleni anapojidunga sindano hujikuta kati ya wenzake wanaofanya vilevile kabla ya kula. Hujifunza kwao, naye hufundisha wadogo. Mwaka 1988 mwigizaji Paul Newman alifungua kambi kama hiyo kwa watoto wenye maradhi mazito, bila malipo.

Afrika Mashariki ina mizizi yake katika jambo hili. Jamii nyingi za huku ziliwatenga vijana kwa wiki kadhaa za jando na unyago, chini ya makungwi, ili wafundwe mbali na wazazi. Skauti walikuwapo Kenya tangu 1910, na hadi leo huweka mahema yao katika uwanja wa Rowallan jijini Nairobi. Lakini kwa wanafunzi wengi likizo imemezwa na tuisheni na kambi za kujiandaa kwa mitihani. Kenya ilikataza tuisheni za likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ila shinikizo la wazazi halikwisha. Mtoto anayeketi dawatini likizo nzima hapati hata moja ya faida zilizotajwa hapa.

Mzazi anayetaka kumpeleka mtoto kambini aulize maswali ya msingi: viongozi ni wangapi na wamechunguzwa vipi, watoto wanalala wapi na nani yuko karibu usiku, nani anasimamia kuogelea, nani anatunza dawa. Aulize pia kazi zipi watafanya watoto wenyewe. Kambi ambayo kila kitu kinafanywa na wapishi na watumishi ni hoteli ya watoto tu.

Machozi ya siku za kwanza yatarajiwe. Mwanasaikolojia Christopher Thurber, aliyechunguza kwa miaka mingi hali ya watoto kukumbuka nyumbani, amekuta kwamba karibu watoto wote huipitia kwa kiasi fulani. Anashauri mtoto ashirikishwe katika uamuzi wa kwenda, na azoezwe mapema kulala kwa shangazi au bibi. Mzazi asimwahidi kwamba akishindwa atafuatwa, kwani ahadi hiyo humwambia kwamba hata nyumbani hawaamini ataweza. Akirudi, apewe kazi ya kuendeleza aliyoyajifunza: apike chakula cha familia Jumamosi, awasimamie wadogo zake sokoni, na aachiwe ayamalize mwenyewe.